Kuang Meizhen na Mtoto Asiyekula Mezani

Kuang Meizhen alikuwa na imani moja maishani, nayo ni kwamba hakuna huzuni ya binadamu isiyolainishwa na mlo mzuri. Hakufundishwa na mtu. Aliipata mwenyewe kidogo kidogo, katika miaka yote aliyowatembeza Wahispania waliokuja Guangzhou kuasili watoto. Alishaona wanaume wenye mabega mapana wakitokwa na machozi mbele ya bata bukini wa kuchoma. Alishaona wanawake ambao asubuhi walishindwa hata kusema majina yao kwa woga, na mchana, baada ya bakuli la pili la uji wa samaki, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo, wakati wenzake walimuuliza mgeni amelalaje, yeye aliuliza amekula nini.

Kihispania chenyewe kilimwangukia tu. Usichanani alikitaka Kifaransa, kwa kuwa aliamini Wafaransa wanavaa vizuri. Chuo kikampangia Kihispania bila kumuuliza. Alinuna muhula mzima. Halafu akagundua kwamba Wahispania wanapenda kula kwa muda mrefu na kuongea wote kwa pamoja, kama watu wa mitaa ya kwao Xiguan hasa, hasira zikamwisha. Alifanya kazi kwenye maonyesho ya biashara, akatafsiri maneno ya vigae na pampu za maji mpaka akachoka, na shirika moja lilipomwita awe mkalimani wa familia zinazokuja kuchukua watoto, alikubali kabla hawajamaliza kumweleza. Mumewe ni baharia, huonekana nyumbani kwa nadra. Binti yake anasoma bweni. Aliyebaki nyumbani ni baba mkwe wake, Mzee Situ, fundi mstaafu wa miavuli, na Meizhen alikuwa akisema kwamba kumpikia mtu mmoja ni kuudhalilisha moto.

Basi masika yale, msimu ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo hazikauki hata uzianike wapi, ililetwa kwake familia kutoka Zaragoza. Nuria alikuwa mwalimu wa muziki, mwembamba, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mumewe Ramiro alitengeneza majokofu na aliongea kwa nadra. Pamoja nao alikuja mama yake Nuria, Eulalia, mjane aliyeuza nyama sokoni maisha yake yote na asiyemwamini mtu yeyote anayekata kuku vibaya. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, ingawa hakuna aliyemchagua.

Mtoto aliitwa Ailian. Alikuwa na miaka mitano inayokaribia sita, nywele zimekatwa juu ya nyusi kwa mkasi usio na huruma, koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Tangu uchanga wake alilelewa na bibi mmoja mlezi huko milimani Yangshan, bibi mkali mwenye mapenzi, lakini bibi yule sasa alikuwa hoi kitandani na asingeweza tena kulea. Mama mmoja wa ofisi ya watoto alimleta Ailian kwenye chumba walimongoja wageni, amemshika mkono, akamwachia.

Meizhen alichuchumaa mbele yake akampa hotuba aliyowapa watoto wote. Ilikuwa hotuba yake mwenyewe, na aliionea fahari. Miaka ya nyuma alimshuhudia ofisa mmoja akimlazimisha binti mdogo aseme "Mama" mbele ya kamera, na binti akalia mpaka akatapikia kiatu cha baba yake mpya. Tangu siku ile Meizhen aliapa kwamba mtoto wake yeyote, maana aliwaita wote watoto wake, hatalazimishwa.

"Ailian," alisema, "hawa ni watu wema. Usiwaogope. Na usimwite mtu kwa jina lolote mpaka moyo wako upende. Umenisikia?"

Mtoto alimtazama kwa makini, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Nimesikia, Shangazi."

"Vizuri," alisema Meizhen. "Twende tukale."

Aliwapeleka kwenye mkahawa wa kando ya ziwa la Liwan, mahali ambapo yeye mwenyewe alipelekwa siku ya harusi yake. Aliagiza maandazi madogo ya kamba ya kupikwa kwa mvuke, mbavu za nguruwe na maharage meusi, keki ya figili iliyokaangwa, na miguu ya kuku, hii ya mwisho kwa ajili ya kuona uso wa Eulalia. Kisha akaenda kuketi na Pan, dereva, kwenye meza ndogo karibu na jiko, kama wafanyavyo waongoza wageni. Familia iachwe na familia.

Kutoka pale aliwaona vizuri. Eulalia alikuwa ameshafundishwa kugonga meza kwa vidole viwili kumshukuru anayemimina chai, na sasa aligonga kwa nguvu kiasi kwamba vikombe viliruka. Ramiro alikuwa akipambana na vijiti. Na Ailian alikaa wima, mikono miwili mapajani, akimtazama Eulalia, kisha Ramiro, kisha Nuria, kisha chakula. Alimeza mate. Hakugusa kitu.

Nuria alimwekea andazi la kamba kwenye sahani. Mtoto akalitazama andazi. Nuria akamwekea na ubavu. Mtoto akautazama ubavu.

Meizhen akainuka, akaja. "Kula, mwanangu, chakula kitapoa."

"Ndiyo, Shangazi," alisema Ailian kwa adabu zote, na asile.

"Woga wa siku ya kwanza," Meizhen aliwaambia kwa Kihispania. "Nimewaona wengi. Kesho atakula mpaka mtamwogopa."

Na kwa kweli walipopanda gari tu, Pan alimpa ndizi kwa nyuma bila kugeuka, na Ailian akaila. Akampa nyingine, akaila. Wakafika hotelini wanacheka wawili hao, dereva anamwigizia honi ya basi bovu kwa mdomo. Nuria alitazama maganda ya ndizi kwenye kiti akatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa la kujikaza.

Siku iliyofuata walikwenda kwenye nyumba ya ukoo wa Chen. Eulalia alisimama uani ameinua kichwa kutazama mapaa yaliyojaa watu, simba na matunda ya udongo, akatangaza kwamba huko kwao hata kanisa kuu halijavishwa namna ile. Ailian alimshika mkoba. Si mkono, mkoba. Aliushika kamba yake akamfuata Eulalia chumba hadi chumba, na mvua ilipoanza kunyesha Eulalia alimfunika kwa mwavuli wake huku yeye mwenyewe bega moja likilowa. Walinunua mikate ya mvuke yenye nyama ndani, wakala wamesimama chini ya ukumbi. Ailian alikula wake wote, akalamba kidole.

"Unaona?" Meizhen alimwambia Nuria. "Mtoto anakula."

Jioni waliketi mezani, mtoto akaweka mikono mapajani.

Sasa Meizhen akaona hili ni suala la heshima yake. Aliagiza kuku mweupe na tangawizi. Hapana. Kesho yake akaagiza wali wa kwenye chungu, ule wenye ukoko chini ambao watoto wa mji mzima huugombania. Hapana. Akawapeleka mahali ambapo njiwa wa kuokwa huletwa wakiwa bado wanachuruza mafuta, na mpishi mwenyewe, aliyemfahamu tangu utotoni, akatoka jikoni kuja kumbembeleza mtoto. Ailian alimshukuru mpishi, alimtazama njiwa kwa mapenzi ya wazi kabisa, na akakaa vile vile, macho yakienda kwa Eulalia, kwa Ramiro, kwa Nuria, na kurudi.

"Huyu njiwa amekatwa vizuri," alisema Eulalia. "Sina neno. Tatizo si mkataji."

Kwenye meza yao ya karibu na jiko Pan alikuwa akitafuna kichwa cha njiwa wake. "Dada Kuang, naona kesho utaagiza tembo mzima."

"Nyamaza ule."

"Mimi nakula. Mimi mtu akiniambia kula, nakula. Malezi mema hayo."

Meizhen hakucheka. Usiku uliopita hakupata usingizi mzuri, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Alikuwa akijiuliza kama kuna chakula chochote duniani alichosahau.

Ilikuwa Jumatano walipokwenda bustani ya Yuexiu kuona sanamu ya mbuzi watano. Ramiro na Eulalia walikwenda mbele na mtoto kupiga picha. Nuria alibaki kwenye benchi lenye unyevu, akamwomba Meizhen akae.

"Naomba uniambie neno moja kwa Kichina," alisema. "Nataka kujua mtu anasemaje ofisini, kwa heshima, kwamba hatamchukua mtoto."

Meizhen alidhani hakusikia vizuri.

"Usinitazame hivyo," Nuria aliendelea, akisema kwa haraka kama mtu aliyejizoeza. "Barabarani anakula. Kwa dereva anakula. Akisimama na mama yangu chini ya mwavuli anakula. Tukikaa mezani sisi, kama familia, anafunga mdomo. Siku ya kwanza nilisema woga. Siku ya pili nikasema uchovu. Sasa najua. Si tumbo lake, Meizhen, ni sisi. Yeye ndiye hatutaki sisi, na ana adabu mno kulisema."

"Mtoto wa miaka mitano hajui kukataa kwa adabu. Angekupiga teke."

"Huyu anajua." Nuria alijifuta pua. "Wametupa mpaka Ijumaa ya kukaa naye kabla ya kutia saini. Nimempenda, ndiyo shida yenyewe. Na kwa kuwa nimempenda sitambeba kwa nguvu nimvushe dunia nzima, akakae kwenye meza yangu ananitazama vile miaka kumi na tano. Kama mpaka Ijumaa hajala pamoja nasi, nitasema hapana."

Meizhen alimtazama Ailian kule mbele, anamwonyesha Ramiro mbuzi mdogo kuliko wote, anavuta mguu wa suruali yake. Alijua ambacho Nuria hakukijua: kwamba bibi wa Yangshan hatarudi kuwa na nguvu, kwamba mtoto angepelekwa kwenye nyumba ya watoto yatima, na kwamba wanaokuja kuasili huja wakitaka wachanga. Moyo ulimwuma, akaogopa kwa kweli.

"Mikahawa imeshindwa," alisema, akainuka. "Kesho mnakula kwangu."

Ilikuwa kinyume cha taratibu za shirika, lakini taratibu za shirika hazikuandikwa na mtu mwenye njaa.

Mzee Situ alipoambiwa alinung'unika. "Wageni, na kuta zinatoka jasho hivi?"

"Watakuja na jasho lao, Baba."

"Wanakula samaki hao?"

"Wanakula kila kitu. Mama yake mmoja wao ni muuza nyama."

Mzee akafikiri. "Basi atanijulia samaki," alisema, na kesho yake alfajiri akavaa koti lake jipya akaenda sokoni, akarudi na samaki aliyekuwa bado anarusha mkia na manung'uniko yote yamemwisha.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye kichochoro cha mawe, ngazi nyembamba. Eulalia alipanda akihema, akafika, akaingia jikoni moja kwa moja bila kualikwa, akamkagua samaki macho na mashavu, akatikisa kichwa kukubali. Mzee Situ alitikisa kichwa pia. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na hakuna aliyewaona wakiihitaji. Meizhen alipika vyakula vya kila siku, visivyo na majina makubwa: mayai ya mvuke laini, supu ya mizizi ya yungiyungi na mifupa, mchicha na kitunguu saumu, nyama ya kusaga na samaki wa chumvi, na samaki wa mzee na tangawizi juu yake. Moyoni hakuwa na matumaini. Alichokuwa nacho ni ukaidi tu.

Waliketi kuzunguka meza ya kukunja. Mzee Situ alikaa mahali pake, mgongo kwa ukuta. Nuria alikaa karibu na Ailian, hakumwekea kitu kwenye bakuli. Alikuwa ameacha kumwekea. Meizhen alikuwa bado jikoni anapakua supu.

Ailian aliweka mikono mapajani, macho yakaanza safari yake ya kila siku. Yalimfikia Mzee Situ, yakasimama. Mtoto akanyoosha mgongo.

"Babu, karibu chakula," alisema, wazi kabisa, kwa sauti ambayo familia ya Zaragoza ilikuwa haijawahi kuisikia mezani.

Mzee Situ alikuwa akichambua mwiba wa samaki. Mkono ukasita. Aliinua uso, akamtazama mtoto.

"Haya, mwanangu, kula," alijibu. "Kuleni nyote."

Ailian akachukua bakuli. Akalileta kidevuni, vijiti vikaanza kazi. Alikula wali, alikula yai, alichukua samaki kwa ustadi upande wa shavuni penye nyama laini, akala mchicha, akarudi kwenye yai. Ramiro alikuwa ameshika kijiko hewani. Eulalia alijifanyia ishara ya msalaba.

Nuria kwanza alitabasamu, uso wote ukafunguka. Kisha Meizhen, aliyesimama mlangoni mwa jiko na bakuli la supu, aliona uso ule ukifunga tena, polepole. Mtoto alikuwa amemtazama mtu asiyemjua kabisa, mzee aliyekutana naye robo saa iliyopita, akamchagua, akala.

"Samahani," alisema Nuria, akatoka kwenda roshani. Ramiro aliinuka nusu, hakujua amfuate au abaki, akakaa.

Meizhen aliweka supu mezani kwa kishindo, nusu ikamwagika. Akachuchumaa kando ya kiti cha mtoto.

"Ailian. Kwa nini leo umekula?"

Mtoto alimeza kwanza, maana hakufundishwa kuongea na chakula mdomoni. "Babu amesema kula."

"Na mimi? Mimi sikukuambia kula? Kila siku ninakuambia."

"Shangazi si mkubwa wa meza," alisema Ailian kwa upole, kama anamweleza mtu aliyekosa malezi. "Na wewe ulikuwa unakaa kule na mjomba dereva. Bibi alisema mezani mtoto anawaita wakubwa kwanza. Mkubwa wa meza akijibu, ndiyo anakula. Anayekula bila kuita hana adabu, watu watamsema aliyemlea."

Meizhen alihisi masikio yanawaka. Aliyajua hayo. Aliyajua tangu hajaota meno ya mbele. Yeye mwenyewe alikua akiita, babu, bibi, baba, mama, baba mdogo, kila mlo wa kila siku, mpaka wali unapoa, na kama babu yake alikuwa anasoma gazeti wote walingoja. Alipoolewa aliita katika nyumba hii hii. Halafu mama mkwe alifariki, kila mtu akawa anakula kwa saa yake, binti yake akawa anakula mbele ya televisheni na bakuli gotini, na yeye, aliyejidai anajua kila kitu kuhusu chakula, akasahau chakula huanzia wapi.

"Sasa kwa nini hukuwaita hawa?"

Ailian alimtazama kwa mshangao. "Wewe ulisema nisimwite mtu."

"Nilisema mpaka moyo wako upende."

"Ulipenda zamani," alisema mtoto. "Ulipenda kwenye mvua. Babu ni babu, lakini hawa sijui wanaitwaje. Nilikuwa ninakungoja uniambie."

Mzee Situ aliweka vijiti chini. "Tangu mama yenu aondoke hakuna aliyeniita mezani," alisema. Hakulaumu, alikuwa anasema tu, na ndiyo maana ilimchoma Meizhen zaidi. "Nimeipenda ile. Mwambie aniite tena kesho."

Meizhen alikwenda roshani. Nuria alikuwa amesimama katikati ya nguo za mzee zisizokauka, uso umeelekezwa kichochoroni, na Meizhen akamwambia yote kwa mkupuo, Kihispania chake kikimkimbia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alisema kosa ni lake. Alisema hotuba yake ile aliyoipenda ndiyo iliyomfunga mtoto mdomo. Alisema mtoto alikaa na njaa mbele ya njiwa, mbele ya wali wa chungu, akingoja kujulishwa amwite nani vipi ili apate haki ya kula naye.

Nuria alimsikiliza mdomo wazi. "Unaniambia," alisema polepole, "kwamba siku zote hizi alikuwa ananiheshimu?"

"Alikuwa anakuheshimu mpaka akonde."

Nuria akaanza kucheka, kicheko kikapoteza njia kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko, na suruali ya Mzee Situ ikatumika kufuta machozi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na akiniita nijibu nini?"

"Chochote, mradi ujibu. Kula, mwanangu. Ndivyo tunavyosema." Meizhen alimfundisha maneno ya Kikantoni, Kichina cha mji ule, mara moja, mara mbili, Nuria akiyarudia kwa bidii ya mwalimu aliyegeuka mwanafunzi.

Waliporudi walimkuta Ailian ameweka vijiti sambamba juu ya bakuli, mashavu mekundu. Alikuwa ametambua kwamba amekula kabla ya kuwaita wengine, na aibu imemjaa. Meizhen alichuchumaa tena. Safari hii hakuwa na hotuba. Alionyesha kwa mkono, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa umri.

"Huyu ni Bibi, mzaa mama. Huyu ni Baba. Huyu ni Mama."

Midomo ya mtoto ilijaribu maneno bila sauti. Akanyoosha mgongo.

"Bibi, karibu chakula."

Eulalia, baada ya kutafsiriwa, alijibu kwa Kihispania kwa muda mrefu sana. Alisema kuhusu marehemu mumewe, kuhusu mvua, kuhusu nyama atakayompikia huko Zaragoza. Ailian alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Baba, karibu chakula."

Ramiro alikohoa. "Kula," alisema, kisha tena, "Kula, kula," akatazama kando kwenye dirisha.

"Mama, karibu chakula."

Nuria alifungua mdomo. Maneno aliyofundishwa yalikuwa pale roshani, pamoja na nguo, mdomoni hayakuwepo. Samaki alikuwa anapoa. Mzee Situ alikaa na vijiti vyake mkononi, hakuvisogeza. Eulalia alifungua mdomo amsaidie binti yake, na huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga bila kusema. Mtoto alingoja. Hakugeuza macho, hakurudia kuita, aliweka mikono mapajani akamngoja mama yake, kama alivyofundishwa.

"Kula, mwanangu," alisema Nuria hatimaye, na ilikuwa kwa Kihispania, jinsi yeye mwenyewe alivyoambiwa tangu utotoni kwenye meza ya Eulalia.

Meizhen alivuta pumzi atafsiri, kama ilivyo kazi yake. Lakini Ailian alikuwa ameshashika vijiti.